Kivuli Kwenye Futi Kumi na Nne

Doyle ameuza ndama watatu kununua jicho.
Kalifunga kwenye mlingoti wa alumini,
kalitumbukiza katika ziwa la Grenada, maji rangi ya chai ya maziwa,
na skrini ikawaka ubavuni mwa boti
kama friji iliyofunguliwa usiku wa manane.

Februari, Mississippi. Pumzi zetu zinaonekana.
Baba, miaka themanini na mmoja, kaketi nyuma
ndani ya koti lake la kuwindia bata,
kaipa skrini kisogo.
"Mimi sivui televisheni," asema.

Tunamfuata krapi: samaki bapa kama kiganja,
fedha iliyonyunyiziwa masizi,
mdomo mwembamba kama karatasi ya sigara.
Ukivuta kwa pupa
unabaki na ndoana, yeye anabaki na tundu
lenye umbo la pupa yako.

Zamani tulishusha mshipi na kukisia.
Kimya tulikiita baridi, au upepo wa mashariki,
au ndizi aliyoila mtu botini.
Sasa namwona: doa la manjano lapanda kutoka matopeni,
lasimama chini ya chambo changu,
shibiri moja, nusu shibiri,
latazama.
Lageuka, lashuka zake.
La pili. La tano. La kumi na moja.
Usilolijua ni usiku wa giza, sawa,
lakini hakuna aliyeniandaa kwa mchana huu
wa kuwahesabu wanaonikataa.

Na kazi yangu, kule hospitali ya Calhoun, ni hiihii:
napaka jeli tumboni mwa mtu,
napeleka sauti gizani, nangoja irudi na habari.
Najua kutenga kitu na kivuli cha kitu.
Najua pia kufunga uso.
Mjamzito huniuliza, mzee mwenye mawe kwenye nyongo huniuliza,
nami husema: daktari atakuja.
Miaka ishirini na miwili, daktari atakuja.

Kufika saa tatu ndoo ina saba,
na Baba, hebu mtazame, kageuza kiti.
"Huyo! Kulia, kulia! We Doyle, umelala?"
Korongo kapita juu ya misipresi,
hakuna aliyeinua kichwa.
Sisi watatu tumeuinamia ule mwanga
kama watu wanaosoma barua ya mwenzao.

Kisha Doyle akalizungusha jicho upande wa ghuba,
pale mnara wa kanisa unapolingana
na banda la kuku la akina Tackett.
Ukatokea mti.
Futi kumi na nne chini, wima,
mpana shinani, mwembamba juu,
tofali la saruji limefungwa mguuni kwa waya.
Na krapi wamo, kila tawi na wake,
wametulia, wanang'aa.

"Mti wa Krismasi!" Doyle akacheka.
Si ajabu. Watu huizamisha, samaki hupenda matawi.

Mimi nilitazama kilele, kilivyopinda kushoto.
Mwerezi wetu wa mwisho na Mama uligonga dari.
Ouida akakataa usikatwe:
uacheni upinde, alisema, nani humu ndani kanyooka?
Alitutoka Januari, tarehe tisa.
Baba akatuambia ameuchoma nyuma ya ghala,
nasi tukauamini moshi ambao hatukuuona.

Doyle alikuwa keshashusha chambo.
Baba akawa anakunja mshipi wake,
duru moja, akapumzika, duru nyingine,
macho kwenye skrini iliyojaa samaki pomoni.
"Hapa hakuna kitu," akasema. "Twende."
"Baba, si unaona..."
"Hakuna kitu."

Doyle akanigeukia mimi, fundi wa vivuli.

Nikavaa uso wangu wa kazini.
Nikaipangusa skrini kwa mkono wa sweta,
polepole, kutoka kileleni hadi kwenye tofali.
"Kivuli tu," nikasema. "Washa injini."