Spika za Inchi Tano

Gari la shemeji Pandu ndilo lililonifedhehesha.
Tumesimama Mwanakwerekwe, mbele ya duka la saruji,
akachomeka flashi, "hebu tuisikie kazi yako",
na ile fidla ya Bi Zume, niliyoihangaikia
usiku kumi na mmoja kwa hedifoni za simu,
haikuwemo.
Dumbaki limekuwa debe. Besi imemeza maneno.
Pandu akasema "imetoka vizuri," akafungua dirisha.

Nikajua hapo: kumbe napika bila kuonja,
chumvi naipima kwa macho.

Mize alikuwa na laki nne za friji
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Nilimwomba tatu. Akazihesabu mara mbili,
akanipa pamoja na jicho.
"Kwani ile nyeusi ya sebuleni si spika?"
Ni spika, mke wangu, lakini ni mshenga:
humsifu bwana harusi asiyemjua,
hutia sukari kila linalopita kinywani mwake.
Miye nataka shahidi.

Mlandege, dukani kwa Ussi, jozi mbili mezani.
Moja inchi nane, taa za buluu zinapepesa,
ikipigwa, vioo vya kabati vinaitikia,
wapita njia wanageuza shingo.
Nyingine inchi tano, mtumba, kitufe kimoja hakipo,
ubavuni mtu kaandika kwa kalamu ya wino: kushoto.
Zote mbili zimeandikwa kushoto.

"Chukua kubwa," Ussi alisema, "watu wajue umenunua."
Kizuri chajiuza, nikamwambia.
Akacheka. "Basi mbona hizo ndogo
zina miezi saba hapa?"

Nikampa flashi. Kubwa kwanza.
Nilijiona mfalme. Kila kosa langu
lilivaa kanzu iliyopigwa pasi.
Kisha ndogo.
Nikadhani zimeharibika,
sauti kavu kama muhogo wa jana.
Halafu nikamsikia Bi Zume akivuta pumzi
kabla hajagusa uzi,
kiti kikilia chini yake,
mvua ya Kikwajuni juu ya bati,
na katika ubeti wa tatu, mtu anakohoa.

"Nani huyo?" Ussi akauliza.

Mimi.
Usiku kumi na mmoja nimekaa na kikohozi changu mwenyewe
na hatukuwahi kukutana.

Nilizichukia. Nikatoka, nikanywa chai Darajani,
nikarudi.

Sasa zipo hapa Michenzani, ghorofa ya nne,
juu ya matofali, usawa wa masikio,
zimegeukiana kidogo kama majirani wanaosengenya,
shubiri tatu kutoka ukutani,
maana ukuta wa zege ukikopeshwa besi
hurudisha na ziada.
Nyuma nimetundika blanketi la harusi yetu.
Pembeni limesimama godoro la wageni;
mgeni akija, siku mbili nitasikia vibaya.
Sauti naiweka chini, ya watu wanaozungumza:
mtoto wa jirani kalala,
na sikio likipigiwa kelele hukubali lolote.

Jana Mize kakaa kwenye kiti changu, pale katikati,
kisu cha vitunguu mkononi.
Nilimwekea wimbo uliokwisha, au nilivyodhani.
Akasikiliza mpaka mwisho, hakuniangalia.
"Bi Zume umemsogeza mbali," alisema,
"pale anapomtaja marehemu mumewe.
Mrudishe."
Akaenda zake jikoni,
ambako maji bado tunayapoza kwa mtungi.

Nikamsogeza kidogo, kidogo tena,
mpaka jina likakaa.
Tukuza ikaanza kulia ukutani: uniti mbili.
Na hiyo nayo, sasa, naisikia iko upande gani.