Kobe wa Ndosho

Asifiwe amempindua juu ya jiwe la volkano,
miguu minne inapiga makasia hewani.
Dume au jike? Anauchungulia mkia:
mfupi, kama kipande cha penseli kilichotafunwa.
Tumbo bapa. Dume, wanasema, hubonyea hapo,
ila huyu bado anaenea kiganjani.
Anamrudisha miguuni, anamwambia pole.

Daktari wa mifugo kule Katindo alicheka:
"Mrudishe baada ya miaka minane."

Minane!
Hapa Goma mwenye nyumba hutuhesabia miezi.

Basi tumemwita Bado.
Anatafuna lengalenga, anajifungia, anatoka.
Nashukuru lugha yetu haimsumbui:
yeye ni yeye,
amekula, amelala,
amekojolea tena kitenge cha mama.