Wino wa Fundi Lifti

Torino, mwezi wa pili, ukungu umelala mpaka juu ya mapaa.
Ghorofa ya saba, chumba cha mitambo,
nimekalia ndoo iliyopinduliwa,
daftari la lifti gotini, kalamu kwapani:
naipasha joto kwanza, kama yai.

Bei yake ni ya viatu vya mtoto, haizidi.
Ncha ya chuma, mwili wa plastiki rangi ya zabibu.
Kifuniko kina ufa tangu ilipotumbukia shimoni
nikashuka kuifuata kwa kamba,
Gavino juu akimulika tochi na kucheka:
“Ortensia! Biro ni senti thelathini!”
Najua, Gavino.
Ndiyo maana hakuna anayeishukia biro.

Jumapili usiku, vyombo vikishaoshwa,
natandika gazeti mezani, nafungua chupa,
naichovya, nazungusha kitako. Inakunywa.
Natega sikio, ingawa hakuna cha kusikia.
Wiki nzima imo mle haijaandikwa:
breki, kebo, mlango unaokwama,
vitunguu, dawa ya mbu, kodi ya maji,
pole kwa binamu aliyevunjika nyonga,
yote bado ni tone moja la buluu.

Mimi ni shoto.
Mkono hukanyaga neno kabla halijakauka,
basi nimejifunza kulaza karatasi upande
na kuandika kama apandaye ngazi.
Hata hivyo jioni ubavu wa kiganja
una siku nzima, imesomeka kinyumenyume.
Muuza mkate huniuliza, “Umejipaka nini?”
Jumanne, namwambia. Hii ni Jumanne.

Karatasi za kampuni hazina adabu, zinanyonya.
Ukiandika *grisi*, neno linanenepa
mpaka linafanana na grisi yenyewe.
Siandiki haraka, basi. Herufi ikiingia vizuri,
ile *g* yenye mkia, naiangalia kidogo
na kengele ya ghorofa ya nne inalia, inalia.

Mwezi ujao watatugawia vishikwambi.
Gusa, gusa, tuma. Saini kwa kidole.
Nimejaribu: jina langu kwenye kioo
limetoka kama njia ya konokono.
Sigombi. Kishikwambi hakivuji mfukoni,
na mimi nina mashati matatu yenye ziwa kifuani.

Lakini jana, nikifungua kabati la swichi,
nyuma ya mlango nilikuta kikaratasi,
wino umekuwa kahawia, rangi ya chai iliyopoa:
*Kapi la kushoto lina kiburi.
Ligonge kwa upole. Usilitukane.*
Hakuna jina. Mwaka elfu moja mia tisa sitini na moja.
Mstari wa chini umekwaruza, ncha ilikuwa imechoka,
au yeye alikuwa amechoka.
Niliwasha mota. Kapi la kushoto likagoma.
Nikaligonga kwa upole.

Nimebandika changu chini ya chake:
*Bado lina kiburi. Na breki hulia siku za baridi,
si hatari, ni maneno tu.*
Nikapuliza mpaka kikakauka. Midomo ilinikauka nayo.

Sasa Bwana Evasio yuko chini ukumbini,
miaka themanini na moja, mifuko miwili ya viazi,
anapaza sauti ngazini: “Binti, tayari?”
Naandika tarehe, saa, uzito uliopimwa.
Naandika: *Lifti ni sala*
na kalamu inakauka hapo hapo.

Nimetazama hilo neno.
Ghorofa saba, mzee, viazi, kamba za chuma nne.
Nikakung’uta mara moja, mara mbili.
*Ma* ikaja na doa kubwa kama kunde,
nikalifyonza kwa risiti ya kahawa.

“Tayari,” nikasema. “Panda.”