Kovu la Waya

Treni ya alfajiri ilinishusha Omiya,
mkasi mpya mfukoni, bado una mafuta ya dukani.
Bi Katsuyo, buti za mpira hadi magotini,
hakuutazama. Alinipa birika.
"Mwagilia. Miti mia mbili na kumi. Usiruke hata mmoja."

Msonobari wa kwanza ulinifikia kiunoni,
lakini ulibeba upepo wote wa mlimani.
Kufikia wa thelathini, mabega yaliwaka.
Wa tisini, nikaacha kuhesabu.

Kisha mreteni:
nusu mfupa mweupe, nusu bado inakunywa.
Shinani kovu limezunguka
kama alama ya pete kidoleni mwa aliyeivua.

"Kazi yangu hiyo," alisema nyuma yangu.
"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilisahau kufungua waya
kiangazi kizima. Baba hakunigombeza.
Aliuweka hapa, njiani,
niupitie kila asubuhi."

Wasemao samaki mkunje angali mbichi
hawajamwona Bi Katsuyo, miaka sitini na mitatu,
akiinama.

Jioni aliniuliza kama nina swali.
Nilikuwa nayo kumi na manne, daftarini.
Nikauliza birika huwekwa wapi.