Birika
Ishirini na saba Desemba. Kila mtu ameshapanda kwao,
Kibosho, Machame, Marangu,
mbuzi ameshachinjwa, wazee wameshatuonja kwa maswali.
Leo tumeteremka Moshi, watano,
na fimbo zisizolingana, nyingine ndani ya mfuko wa saruji.

Sheria ni zetu:
mpira ukichukuliwa na tumbili, piga tena;
ukizama mfongoni, hesabu, hata ukilia.
Na wa mwisho hubeba birika,
la bati, limebonyea ubavu,
aje nalo mwakani limejaa chai ya tangawizi.

Miaka kumi na mmoja liko jikoni kwangu.
Ndeshi, mke wangu, huliita mke mwenza.

Shimo la tisa. Aikaeli keshashinda,
anawatangazia wabeba mifuko hesabu zake.
Kibo kimejifunika.
Tumebaki mimi na Tesha,
Tesha wa mkono unaotetemeka tangu Pasaka,
aliyepiga mara nne
pale ambapo mwaka jana alipiga moja, akageuka kabla mpira haujaingia.
Hakuna aliyecheka.

Mpira wangu uko hatua mbili tu.
Hata nyasi zimelalia upande wangu.
Nikiingiza, birika linahama.

Nikagusa.
Ukapita ukingoni kama mgeni asiyeujua mlango.
Nikarudia. Ukapita tena.

"Mara mbili?" akauliza Tesha, akinikazia macho.
"Upepo."
Akatazama bendera, imelala kwenye mti wake.
"Mwongo wewe," akasema taratibu.
"Mwakani zidisha tangawizi."