Unga wa Msumeno

Ilikuja ndani ya redio iliyokufa,
redio ya spika mbili, mkono umefungwa waya.
Mwenyewe alisema atarudi Ijumaa.
Ni Ijumaa ya mia ngapi sasa, sijui.
Nilifungua skrubu nne, nikapuliza vumbi,
nikakuta kaseti imeng'ang'ania humo
kama jino la mwisho kinywani mwa kikongwe.

Kwenye karatasi yake, kwa kalamu ya bluu:
Yunuke Nyanchama, Elburgon.
Unga wa Msumeno. Nyimbo tisa.
Nakala ya arobaini na moja.

Mimi ni fundi. Sauti kwangu ni kazi:
nasikiliza mkwaruzo, mvumo, waya uliolegea;
maneno nawaachia wenye redio.
Niliirudisha nyuma kwa kalamu, nikabonyeza,
nijue tu kama mota inazunguka sawa.

Ilizunguka sawa.
Nikasahau chuma cha kulehemu mezani,
kikatoboa gazeti, kikaingia ubaoni,
na kibanda changu hapa Nakuru, nyuma ya steji,
kikanuka msonobari unaoungua
wakati yeye anaimba kiwanda cha mbao.

Ni kantri, ndiyo, ile ya Jumapili alasiri,
gitaa linatembea kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani.
Lakini humu hamna farasi, hamna kofia pana.
Kuna karani wa mizani
anayepima magogo ya watu na kulala bila kuni.
Kuna ukungu wa Julai unaoingia jikoni bila hodi.
Kuna mume aliyekwenda Londiani kununua msumeno,
na msumeno ukarudi.

Wimbo wa nne, mvua inaangukia mabati.
Wangeweza kungoja ikatike. Hawakungoja.
Nadhani chumba kilikodiwa kwa saa.
Anapandisha sauti, mvua nayo inapandisha,
wanashindana hadi ubeti wa tatu,
kisha yeye anashuka, anapita chini yake
kama mtu anayepenya seng'enge
ameshika sketi kwa mkono mmoja.

Nilimsikilizisha mtangazaji aliyeniletea amplifaya.
Alivumilia nusu dakika, macho kwenye simu.
"Sauti nzuri, ila haina soko."
Nikamwambia, hata amplifaya yako haina fyuzi.

Mwezi wa tatu nilipanda hadi Elburgon.
Kiwanda ni ukuta mmoja na mbuzi.
Mlinzi, Barng'etuny, alimkumbuka mara moja:
"Yunuke? Alikuwa na mwandiko mzuri sana."
Na kuimba? Akacheka.
"Misumeno sita hapa, ndugu yangu. Nani angesikia?"
Akaniletea daftari la mizani, panya wamekula pembe.
Mtarakwa, tani tatu.
Msonobari, tani tano na nusu.
Lori la Ombongi, limechelewa.
Lori la Ombongi, limechelewa.
Lori la Ombongi.

Nikakaa juu ya jiwe.
Ulikuwa wimbo wa saba, neno kwa neno,
ambao miaka yote nimeuita wimbo wa mapenzi.

Na sisemi kwamba nilikosea.

Aliko, kila mtu ana lake. Yuko Keroka.
Yuko Mau Narok, anauza miche ya kabichi.
Sikumtafuta zaidi. Ningemwambia nini?
Kwamba zile arobaini zilizotangulia sijaziona,
lakini hii imekatika mara mbili
na mara mbili nimeiunga kwa selotepu,
kwa wembe mpya, bila kupumua,
na bado, katika wimbo wa mwisho,
kiungo kinapopita, kinameza silabi.
"Nita-ja," anaimba. "Nita-ja."
Nilikuwa nalijua neno lile.
Sasa redio iko rafuni, naiwasha kila Ijumaa nikikaribia kufunga,
na siwezi tena kuapa
kama ni nitakuja
au nitangoja.