Kikohozi cha Dakika ya Tatu

Walinijia bandani Jumamosi, hapa Gongoni,
Mihambo na mafuta ya gereji mpaka kwenye viwiko,
Kalunde katoka zamu ya usiku Kitete,
kalamu ya bluu ingali nyweleni,
na Salvatori, yule asiyemalizaga soda.
Wakauweka wimbo mezani kama wanunuzi wa mbuzi:
huyu anapapasa mbavu,
yule anafunua meno.

"Behewa la Mwisho." Wa Karakana Bendi.
Wimbo wa polepole wa watu wa makelele,
roki yao ikipigwa Cheyo, vikombe vinahama kabatini Isevya.

*Behewa la mwisho hili, nishushe penye baridi,
uniachie kandili, usiku utapozidi.*

Mihambo anautaka ule wa jukwaani, ukumbi wa reli.
"Dramu inaingia kama injini inayopokea mabehewa,
kwanza kishindo, kisha mnyororo mzima unajibu.
Halafu ubeti wa pili Kapaya ananyamaza,
na watu mia nne wanaubeba!"
"Alisahau maneno," anasema Salvatori.
"Hakusahau."
"Nilikuwa mbele. Alimtazama mpiga besi
kama mtoto aliyeulizwa saba mara nane."
"Mbele wapi? Ulilala juu ya spika, tukakubeba na wewe."

Kalunde anautaka ule mkavu.
Gitaa kavu, kiti kimoja, chumba cha bati Ng'ambo,
simu imeegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga.
Kidole kinateleza juu ya uzi, unakisikia.
Kapaya anavuta pumzi kabla ya *nishushe*, unaisikia.
Nje kuna jogoo asiyejua saa.
Na dakika ya tatu, mtu anakohoa.
Mara mbili.
Cha pili amekiziba kwa kiganja.

Ndicho kilichowaleta.
"Fundi, kitoe," akasema Mihambo.
"Mimi huo mkavu siupendi, kama ugali bila mlenda,
lakini hata mimi naona haya kwa niaba yake.
Kinaangukia pale pale kwenye *baridi*."
Kalunde akawa anazikagua kucha zake.

Kwenye kompyuta sauti ni safu ya vichuguu,
na kikohozi ni vichuguu viwili vilivyosogeleana.
Nikavizungushia mstari. Nikakata.
Nikashona pembeni kwa sauti ya bati tupu,
kazi ndogo, elfu tatu, na chenji nilikuwa nayo.
Tukasikiliza.
Pakawa safi.
Safi kama kitanda cha wodi saa moja asubuhi,
shuka limekazwa, jina limefutwa ubaoni.

"Kirudishe," akasema Kalunde.

"Nilijua utanogewa na—"
"Kirudishe, Mihambo. Ni Nzigula."

Nzigula, kaka yake. Aliyewakazia nyuzi, aliyewabebea ampli,
ambaye kwenye picha zote za bendi ni mkono tu pembeni.
Siku ile alikalia ndoo, nyuma ya mlango.
Mwezi wa kumi na moja tulimzika.

"Alijitahidi sana," akasema,
"ubeti mzima alikuwa anajizuia.
Sikilizeni vizuri: kabla ya kukohoa
kuna mtu anayemeza mate."

Tukasikiliza. Kweli yupo.

Kompyuta ikaniuliza kama nihifadhi mabadiliko.
Nikabonyeza hapana.
Mihambo akaivua kofia, akaitazama ndani
kana kwamba bei ya kitu fulani imeandikwa humo.
Salvatori akaimaliza soda yake, mpaka chupa ikalia.

Wakakaa. Ukapita mkokoteni wa mkaa, ukapita mwingine.
Kisha Mihambo, kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu:
"Ila ule wa ukumbini, jamani,
pale aliponyamaza..."

"Alisahau maneno," akasema Kalunde,
akachomoa kalamu nyweleni, akapigia meza.
"Mimi Nzigula mwenyewe aliniambia.
Kaeni chini niwahadithie."